Usikimbilie Spini Kubwa: Jibu kwa Kijana wa Chake Chake

Juzi nimeletewa ujumbe na kijana wa Chake Chake anayesoma kemia chuoni. Baada ya salamu akaandika: "Maalim, nataka kuunda kishada cha manganizi chenye spini kubwa kuliko vyote. Nianzie wapi?" Nilifurahi, maana wanaonitafuta wengi huniuliza habari za ajira, si za sumaku za molekuli moja, yaani molekuli ambayo kila moja ni sumaku peke yake. Lakini spini kubwa, yaani jumla kubwa ya usumaku wa elektroni zake, siyo pa kuanzia, mwanangu.

Mie nilianza na kile ambacho wengi wa fani hii huanza nacho: kishada cha manganizi 12, yaani molekuli yenye atomi 12 za metali hiyo zilizoungana, alichokichapisha Tadeusz Lis wa Poland mwaka 1980. Hakitaki maabara ya kifalme. Asetati ya manganizi, asidi ya asetiki, na pamanganeti ya potasiamu, ile ile ya zambarau ya kuoshea vidonda. Unakoroga, unaacha, fuwele nyeusi zinakuja zenyewe. Zangu zilitoka juu ya meza ya maabara yetu hapa Unguja, siku ambayo umeme ulikatika tangu asubuhi, na sikuuhitaji.

Kazi ilikuwa kuzipima. Usumaku wa kishada hiki hushika kwenye kelvini 3 hivi, sawa na nyuzi 270 chini ya sifuri, na maabara yetu haina heliamu ya kimiminika ya kupoozea hadi hapo. Nikaomba ufadhili. Kwenye usaili mjumbe mmoja akaniuliza, "Kwenu si karafuu na mwani? Sumaku za nini?" Wenzake wakacheka. Ufadhili sikuupata, na kicheko kile kinaniuma mpaka leo. Yaliyofuata nayaruka, ni barua na kungoja tu. Mwisho maabara moja ya Ulaya ikakubali kunipimia, wakanitumia mchoro, na kitanzi cha histeresisi, alama kwamba molekuli inakumbuka usumaku wake, kikaonekana wazi kabisa. Yule mjumbe nilitamani awe amekaa pembeni yangu.

Sasa tuje kwenye swali lako. Ndani ya kishada hicho mna manganizi 4 za chaji +4, spini yake 3/2 kila moja. Nje mna 8 za chaji +3, kila moja 2. Za ndani zinaelekea kinyume na za nje: 16 toa 6, inabaki 10. Kwa hiyo molekuli iliyofungua fani hii, baada ya kina Sessoli na Gatteschi wa Italia kuonesha usumaku wake mwaka 1993, haikutumia hata spini yote iliyokuwa nayo. Nguvu yake iko kwenye anisotropi: zile manganizi 8 za nje zimerefuka karibu upande mmoja, kwa hiyo spini inapenda kulala kwenye mhimili huo na haipinduki ovyo. Ngalawa nayo haiokolewi na ukubwa wake, inaokolewa na mirengu.

Vitabu vitakwambia kizuizi cha nishati, yaani nishati ya kupindua spini, ni D (kipimo cha anisotropi) mara S (spini) mraba, na hapo ndipo vijana mnapoona S tu. Mwaka 2006 kundi la Annie Powell kule Ujerumani lilitoa kishada cha manganizi 19 chenye spini 83/2. Ukubwa wa kutisha! Kama sumaku ya molekuli moja hakikufaa, kwa sababu mihimili yake inaelekea huku na huku hadi D karibu inapotea. Walipobadilisha manganizi ya katikati wakaweka disprosiamu, metali nyingine, tabia ya sumaku ikajitokeza. Mwaka uliofuata kundi la Edinburgh, kwa kishada cha manganizi 6 tu chenye spini 12, lilifikisha kizuizi cha kelvini 86 (hiki ni kipimo cha nishati, si joto la kushika usumaku). Siri yao ilikuwa kupinda daraja la oksimu, yaani nitrojeni na oksijeni zinazounganisha metali, basi.

Mwaka 2017 disprosiamu moja, peke yake, spini 5/2, iliyobanwa kati ya pete mbili za kaboni, ikashika usumaku hadi kelvini 60. Mwaka 2018 nyingine ya jamii hiyo ikafika 80, juu ya joto la nitrojeni ya kimiminika. Metali moja! Halafu mtu anakaa kuhesabu manganizi. Vijana wetu tunapenda sana kuhesabu, na hili si la kemia pekee: tunahesabu vyeti, tunahesabu makongamano, mhimili hatuulizi. Chagua mhimili wako mapema, ushike, hata wakucheke.

Kwa hiyo anza na oksimu za salisilaldehaidi, ni rahisi kutengeneza hata kwetu. Badilisha kundi moja la atomi kila mara, uone daraja limepinda kiasi gani. Kabla ya kuomba kupimiwa usumaku, omba kwanza muundo wa fuwele uliopimwa kwa eksirei, uangalie mihimili ya manganizi +3 imelala vipi. Ikiwa imetawanyika, usimsumbue mtu na heliamu yake. Ikiwa imelingana, niletee mchoro, nitakuunganisha na walionipimia mie.