Watafuteni wazazi kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kuchambua filamu, wengi wenu mmechagua filamu za kutisha za vijana wa Marekani kwa sababu mmezitazama tangu utotoni. Chaguo zuri, ila msipite njia niliyopita mimi. Insha yangu ya kwanza niliijaza visu, vinyago na hesabu ya maiti. Mwalimu aliirudisha na swali moja pembeni: wakati haya yanatokea, wazazi wako wapi? Swali hilo ndilo ninalowakabidhi.

Anzieni miaka ya 1950. Baada ya vita vijana wa Marekani walikaa shuleni muda mrefu zaidi, wakawa na hela ya mfukoni na wengi wakapata gari la kuendesha. Watu wazima walikuwa wameshatekwa na televisheni sebuleni. Aliyetoka Jumamosi usiku alikuwa kijana, naye alikwenda kwenye sinema za kutazama ukiwa ndani ya gari. (Wazee wa Dar wanaikumbuka Drive-In ya Msasani, lakini ile ilijaa familia nzima nzima, kwa hiyo msiifananishe.) Kampuni ya filamu ya AIP, ya James Nicholson na Samuel Arkoff iliwaona vijana hao mapema, na mara nyingi ilibuni jina na bango kabla hata hadithi haijaandikwa. Mwaka 1957 ikatoa I Was a Teenage Werewolf. Yaacheni manyoya na meno. Tony ni kijana mwenye hasira, wakubwa wanamshauri aende kwa daktari wa akili, na daktari huyo ndiye anayemgeuza mnyama kwa sindano na hipnosi, yaani kumtia kwenye usingizi wa kuamrishwa. Kisha kengele ya shule inalia, naye anabadilika pale pale ukumbi wa mazoezi. Kijana aliyeketi garini hakuhitaji kuelezwa maana ya kengele ile.

Sasa Halloween ya mwaka 1978, ambayo ningependa mkae nayo zaidi ya zote. Iliigharimu timu ya mwongozaji John Carpenter kiasi cha dola 300,000 hivi, na mazungumzo mengi ya wasichana wa filamu hiyo yaliandikwa na Debra Hill, mtayarishaji wake. Wasikilizeni wanavyoongea wakitoka shule: wavulana, vitabu, kibarua cha jioni cha kukaa na watoto wa jirani. Kibarua hicho kinawapa nyumba isiyo na mtu mzima, ndiyo raha yao, na muuaji anaingilia mlango huo huo. Laurie, mmoja wa wasichana hao, anakimbilia kwa jirani akipiga kelele. Taa ya barazani inawashwa, mtu anachungulia, taa inazimwa. Mkitazama kwa macho ya uswahilini, ambako ukipiga yowe mtaa mzima hutoka, mtadhani mwandishi amekosea. Someni kwanza jinsi vitongoji vya Marekani vilivyojengwa, kila nyumba na uwanja wake wa nyasi, kila mtu na gari lake. Taa ile imebeba historia yote hiyo.

Mtaambiwa pia kwamba kwenye filamu hizi anayefanya mapenzi hufa na bikira huokoka. Msilinakili hilo kabla ya kulipima. Carol Clover, msomi wa filamu aliyetupa mwaka 1987 jina la “msichana wa mwisho”, yaani yule anayebaki hai hadi mwisho, alikuwa na mengi zaidi ya kusema kuhusu msichana huyo, na Sidney, msichana mkuu wa filamu ya Scream, anaivunja kanuni hiyo waziwazi.

A Nightmare on Elm Street ya 1984 inalijibu swali langu moja kwa moja. Freddy Krueger aliwaua watoto, akaachiwa kwa sababu kibali cha upekuzi hakikusainiwa panapotakiwa, na wazazi wakamchoma moto wenyewe. Wakanyamaza. Freddy anarudi ndotoni, na watoto wao ndio wanaolipa, tena usingizini. Tazameni mama yake Nancy, msichana mkuu wa filamu hiyo, anapoweka nondo madirishani ili amlinde, halafu tazameni ni nani anayefungiwa ndani.

Na mkifika Scream ya 1996, fuatilieni simu. Simu isiyo na waya ilikuwa uhuru wa kijana: unaongea jikoni, ukumbini, chumbani, mzazi hasikii. Mwanzoni muuaji anamchezea msichana aitwaye Casey kwa simu hiyo hiyo. Wazazi wake wanarudi akiwa bado hai nje, hawezi kupiga kelele kwa sababu ameumizwa koo, simu ikiwa mkononi mwake. Mama anainua simu ya ndani ili aite polisi, na anachokisikia ni pumzi za mwanawe. Simamisheni picha hapo. Andikeni kila aliye kwenye nyumba ile yuko wapi, yuko hatua ngapi kutoka kwa mtoto, na ni nini kinachomzuia asimwone. Ukurasa huo ndio mwanze nao insha.