Aliyetukana ni Mmoja, Iweje Waandikwe Kuwa Wametukanana?

Swali: "Shikamoo, mwalimu. Watangazaji wetu wa habari za Marekani hawaafikiani. Mmoja huviita vyama vya Democratic na Republican 'watani wa jadi', mwingine 'mahasimu wa jadi', na wa tatu husema 'wapinzani' tu. Katika zoezi la uandishi wa habari niliandika: 'Mahasimu wa jadi watupiana maneno makali Washington.' Mwenzangu akanisahihisha niandike 'watani'. Kati yetu nani ana haki?" (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba, ndugu msomaji. Katika nomino, haki ni yako. Utani una masharti yake: anayetania hukubali kutaniwa, hakuna anayeruhusiwa kununa, na siku ya msiba mtani ndiye anayefika mapema kusaidia kazi na kuwachangamsha wafiwa. Siasa za Washington za leo hazina uhusiano wa namna hiyo. "Hasimu" tumelipata kwenye Kiarabu, ambako humtaja mtu mnayeshindana naye katika shauri, nasi tukazalisha "uhasama" na "kuhasimiana". Ni neno zito, lakini linastahimili. "Wapinzani" lina kasoro ndogo, kwa sababu kwetu mpinzani ni yule asiyeshika serikali, ilhali mwaka 2019, kwa mfano, chama cha Republican kilikuwa na rais na Seneti huku Democratic wakiongoza Baraza la Wawakilishi, kwa hiyo kila upande ulikuwa na sehemu ya dola mkononi. Andika "mahasimu", wala usimwogope mwenzako.

Kilichonikera katika sentensi yako ni kitenzi. "Watupiana." Nimekikuta kitenzi hiki na ndugu zake, "warushiana", "watoleana uvivu", "watunishiana misuli", "wapakana matope", katika habari za Marekani kwa miaka mingi sasa, na mara nyingi mno nikisoma habari yenyewe hadi chini nakuta kwamba aliyetupa ni mmoja na mwingine ametupiwa.

Kiambishi -an- katika kauli ya kutendana si pambo. Watoto wakipigana, kila mmoja amepiga na kila mmoja amepigwa. Jirani wakisaidiana, kila mmoja ametoa na kila mmoja amepokea. Ni kweli kwamba si kila -an- ni ya kutendana, maana kitu "huonekana" au "hupatikana" bila mwenzake, lakini "tupiana", "shambuliana" na "tukanana" hazina kisingizio hicho. Anayeandika kwamba watu wawili wametukanana ametoa ushahidi wa mambo mawili, kwamba wa kwanza alimtukana wa pili na kwamba wa pili alimtukana wa kwanza, na iwapo la pili halikutokea, basi sentensi hiyo ni ya uongo hata kama majina, mji na tarehe vyote ni sahihi.

Tuchukue tukio moja tulitazame kwa karibu. Tarehe 14 Julai 2019, Rais Donald Trump aliandika mtandaoni kwamba wabunge fulani wanawake wa Democratic warudi walikotoka wakarekebishe nchi hizo zilizoharibika. Ilieleweka wazi kuwa aliwalenga Alexandria Ocasio-Cortez, Ayanna Pressley, Rashida Tlaib na Ilhan Omar. Watatu wa kwanza walizaliwa Marekani. Wa nne alizaliwa Somalia, akapitia kambi ya wakimbizi nchini Kenya, akafika Marekani akiwa bado mtoto na kupata uraia. Siku iliyofuata wanne hao waliitisha mkutano na waandishi wa habari, wakamjibu kwa ukali, na Pressley akawasihi wananchi wasiume chambo. Tarehe 16 Julai Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kulaani maneno ya rais kwa kura 240 dhidi ya 187, na jioni ya tarehe 17, katika mkutano wa hadhara wa Trump huko Greenville, North Carolina, umati ulipaza sauti ukitaka Omar arudishwe kwao.

Sasa niambie, ni nani katika mkasa huu aliyemwambia Trump arudi walikotoka mababu zake? Hakuna. Alitupa, wakatupiwa, wakajibu. Kujibu si kutupa, na Kiswahili kimetupatia neno "jibu" makusudi ili tusiwachanganye anayeanza na anayejitetea. "Trump awaambia wabunge wanne warudi kwao" ni sentensi kamili, yenye mtenda na watendwa. "Trump na wabunge wanne watupiana maneno" inachukua tusi la mtu mmoja na kuligawa mafungu matano sawa, kila mmoja achukue lake.

Wahariri wenye tabia hii hujitetea kwamba nafasi ya kichwa cha habari ni finyu. Hesabu maneno: "Trump awatukana wabunge wanne" ni maneno manne, na "Trump na wabunge wanne watupiana maneno" ni sita. Utetezi wa pili ndio unaosemwa kwa heshima zaidi, kwamba mwandishi hapaswi kuegemea upande. Nakubaliana na kanuni hiyo kwa moyo wote, na ndiyo maana naipinga -an- isiyo na kazi: kumbebesha asiyetukana nusu ya tusi ni kuegemea upande, na upande unaoegemewa ni wa aliyetukana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani, na wanafunzi wangu wameusikia hadi wameukariri. Mwezi Mei mwaka 1856, Seneta Charles Sumner wa Massachusetts alitoa hotuba iliyochukua siku mbili, akipinga utumwa kupelekwa Kansas, na ndani yake akamkejeli vibaya Seneta Andrew Butler wa South Carolina, ambaye hakuwamo ukumbini. Tarehe 22 Mei, kikao kikiwa kimeahirishwa, Preston Brooks, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi na jamaa yake Butler, aliingia katika ukumbi wa Seneti akamkuta Sumner ameketi mezani kwake, akampiga kichwani kwa bakora. Miguu ya Sumner ilibanwa chini ya meza iliyokazwa sakafuni. Damu ikamziba macho. Akaing'oa meza akijaribu kuinuka, na Brooks akaendelea kupiga hata baada ya bakora kuvunjika. Kiti cha Sumner kilibaki kitupu kwa sehemu kubwa ya miaka mitatu iliyofuata. Brooks alitozwa faini ya dola 300, kura ya kumfukuza haikutimia, akajiuzulu mwenyewe, na wapiga kura wake wakamrudisha bungeni. Watu wa Kusini walimtumia bakora mpya.

Mpe habari hii mhariri wa leo, naye atakuandikia: "Wabunge wachapana bakora Washington." Wachapana! Sumner hakuwa na bakora. Hakunyanyua mkono. Aliyekuwa na fimbo ni Brooks, aliyesimama ni Brooks, aliyepiga ni Brooks, na damu yote iliyomwagika ni ya Sumner. Mtu atasema kwamba Sumner naye alichokoza kwa ulimi, na ni kweli kwamba ulimi wake ulikuwa mkali, basi andika hivyo: "Sumner alimkejeli Butler, Brooks alimpiga Sumner." Vitenzi viwili, watenda wawili, watendwa wawili, na kila mmoja anabeba mzigo wake mwenyewe. Msomaji atapima kejeli na kipigo, aone kama vina uzito mmoja. Ukiandika "wachapana" umemnyang'anya mizani.

Katika siasa za Marekani moyo wangu uko kwa waliberali, na ninaamini kwamba tangu mwaka 2015 sehemu kubwa ya lugha chafu imetoka kwa mtu mmoja na wanaomuiga. Kwa sababu hiyo natakiwa kuwa mkali zaidi ninapoipima lugha ya upande wangu. Tarehe 9 Septemba 2016, Hillary Clinton alisema kwamba nusu ya wafuasi wa Trump wanaweza kutiwa katika kapu moja la watu wa hovyo. Siku hiyo hapakuwa na kudharauliana. Clinton aliwadharau, kisha siku ya pili akasema anajuta kusema "nusu". Anayetaka kuandika habari hiyo kwa haki aandike kwamba Clinton aliwadharau wapiga kura wa mwenzake, wala asimpunguzie kwa kiambishi.

Kiambishi hiki kinakuwa hatari hasa panapomwagika damu. Tarehe 14 Juni 2025, Melissa Hortman, mbunge wa Democratic katika bunge la jimbo la Minnesota, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe. Tarehe 10 Septemba mwaka huohuo, Charlie Kirk, mwanaharakati wa mrengo wa kulia, aliuawa kwa risasi katika chuo kikuu huko Utah. Ukiyaweka mauaji haya mawili chini ya kichwa "Wauana kwa ajili ya siasa", umegeuza misiba miwili kuwa pambano la vyama, kana kwamba chama kimoja kilimtuma muuaji na kingine kikalipiza. Kwenye ibada ya kumkumbuka Kirk tarehe 21 Septemba, mjane wake alisema anamsamehe kijana anayeshtakiwa kwa mauaji hayo. Baadaye, kwenye jukwaa lilelile, Rais Trump akasema yeye anawachukia wapinzani wake. Alisema "ninawachukia", kwa nafsi ya kwanza umoja, bila -an-. Kama rais mwenyewe hakudai kwamba wanachukiana, mwandishi wa habari ameipata wapi hiyo?

Sitaki udhani kwamba naipiga marufuku kauli ya kutendana. Majaji Antonin Scalia na Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu walipingana katika hukumu nyingi kubwa, wakatembeleana na familia zao, wakafuatana kwenye opera, na waliheshimiana hadi Scalia alipofariki mwaka 2016. Hapo kila -an- ina watu wawili nyuma yake. Tarehe 27 Juni 2024, katika mdahalo wa Atlanta, Trump na Biden walitambiana juu ya nani hodari zaidi wa gofu, na walitambiana kweli, kwani kila mmoja alijisifu na kila mmoja alimbeza mwenziwe mbele ya taifa zima.

"Wavutana" nawaachia wahariri, maana nimechoka kukipinga na bajeti ni kamba yenye ncha mbili. Sehemu ya shughuli za serikali ya Marekani ilipofungwa kwa siku 35, kuanzia tarehe 22 Desemba 2018, kwa sababu ya fedha za ukuta wa mpakani, rais na Democratic walivutana, na sina ugomvi na aliyeandika hivyo, ilimradi aya ya pili iseme kwamba Seneti iliyoongozwa na Republican ilikwisha kupitisha muswada wa kuiacha serikali wazi, na aliyekataa kuuunga mkono bila fedha za ukuta ni Trump.