Chumbani Si Chumba cha Mtihani

Barua za toleo hili, zote kuhusu mambo ya chumbani, zimetoka Mafinga, Tukuyu, Makambako, Iringa mjini na Uyole. Tumezifupisha na kuondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mwandishi. Wanaojibu ni mwanasaikolojia tiba na muuguzi mkunga.

Kamwene daktari. Nina miaka 46, kazi yangu ni mbao. Tangu mwaka jana uume hausimami vizuri, na ukisimama unalala katikati ya tendo. Natumia dawa za presha. Nilijaribu vumbi la Kongo. Mwanzoni lilisaidia, baadaye moyo ukawa unakwenda mbio. Mke wangu anaamini nina mwanamke nje. (Baba watatu, Mafinga)

Kamwene kaka. Vumbi hilo liache leo. Anayekuuzia hajui kilichomo wala kipimo chake. Likiwa limechanganywa na dawa ya jamii ya sildenafil (Viagra), na mtumiaji anameza pia vidonge vya moyo vya aina ya naitreti, presha inaweza kushuka ghafla mpaka ikaua. Moyo kwenda mbio ni onyo, usilipuuze.

Mtaalamu akikupokea atakuuliza kwanza: alfajiri ukiamka, uume umesimama? Mwanaume mwenye afya husimama mara 3 hadi 5 kwa usiku akiwa usingizini. Kama alfajiri unasimama imara na unalegea tu mbele ya mama watoto, basi inaelekea mishipa yako iko sawa na kinachokuangusha zaidi ni hofu. Kama hata alfajiri hakuna kitu, anza na mwili. Mshipa unaopeleka damu kwenye uume una upana wa milimita 1 hadi 2 tu, wakati ile ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuziba, mwembamba ndio unaoathirika mapema, na ndiyo maana uume unaweza kudhoofika miaka 2 hadi 5 kabla ya moyo kuleta shida. Kapime presha, mafuta kwenye damu, na sukari baada ya kufunga saa 8 au zaidi; ikisoma 7.0 mmol/L au kupanda, na ikarudia hivyo, hicho ni kisukari. Homoni ya testosteroni hupimwa asubuhi, kabla ya saa 4 au saa 5.

Beba pakiti za dawa zako za presha. Atenolol, propranolol na zile za kukojosha kama hydrochlorothiazide zinaweza kupunguza nguvu kwa baadhi ya wanaume. Usiziache kwa uamuzi wako, maana kiharusi hakisubiri. Mwambie daktari wazi tatizo lako, aone kama kuna ya kubadilisha. Na kama ulanzi au komoni ni wa kila jioni, upunguze kwanza ndipo upime matokeo ya kitu kingine chochote.

Tiba ya maongezi inaingia hata pale chanzo kikiwa ni dawa au sukari. Mwanaume akishindwa mara moja, mara ya pili anapanda kitandani kama mtahiniwa: anajichungulia, anajisahihisha, anasubiri kufeli. Mwili ukiwa na hofu unamwaga adrenalini, adrenalini inabana mishipa, damu haifiki. Basi kazi ya mtaalamu ni kuuondoa mtihani wenyewe. William Masters na Virginia Johnson, watafiti wa masuala ya kujamiiana wa St. Louis, Marekani, walieleza mwaka 1970 zoezi la kugusana kwa hatua ambalo linatumika mpaka leo.

Linaanza na makubaliano kwamba kwa wiki mbili hakuna kuingiliana, hata uume ukisimama vizuri kiasi gani. Mara mbili au tatu kwa wiki mnajifungia. Mmoja anamgusa mwenzake dakika 15, kisha mnabadilishana. Matiti na sehemu za siri haziguswi. Anayegusa anaweka akili kwenye mkono wake: hapa pana joto, hapa pana ulaini, hapa ngozi imekauka. Hajiulizi kama mwenzake anafurahia. Anayeguswa ana jukumu moja tu, kusema au kuusogeza mkono pale asipopapenda. Wiki ya tatu na ya nne sehemu za siri zinaingia kwenye zoezi, bado bila lengo. Uume ukisimama, uacheni ulale, endeleeni kugusana, muone ukirudi. Usiruke sehemu hii, kwa sababu ndipo mwili wako unapojifunza kwamba kulala kwa uume si mwisho wa habari. Baada ya hapo mkeo anakaa juu, anaingiza mwenyewe, mnatulia dakika chache bila kusukumana. Mengine yanafuata taratibu.

Linaharibika wapi? Mara nyingi ni usiku wa tatu au wa nne: uume umesimama, wenza wanafurahi, wanavunja makubaliano, unalegea, na hofu inarudi na nguvu mpya. Wengine wanageuza zoezi kuwa masaji. Wengine wanalifanya saa 5 usiku baada ya kutwa nzima ya kubeba magogo, halafu wanashangaa kusinzia. Kama watoto wanalala chumba hichohicho, tafuteni saa ambayo wako shuleni. Juni na Julai baridi ya huko haichezewi, basi fanyieni zoezi chini ya blanketi na mikono ioshwe kwa maji ya moto. Jiko la mkaa lisiingie chumba kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala.

Kuhusu mkeo, njoo naye kuanzia miadi ya pili. Akisikia kutoka kwa mtaalamu jinsi presha, dawa na hofu vinavyoshirikiana, dhana ya mwanamke wa nje inapata mpinzani. Ukimeza vidonge kimyakimya unampa sababu zaidi ya kukushuku.

Shikamoo mama. Nina miaka 24, nimeolewa kanisani miezi 7 iliyopita. Mume wangu akijaribu kuingia ni kama kuna ukuta. Nabana mapaja bila kupenda, naumia hadi nalia. Mama mkwe ameanza kuulizia mjukuu. Shangazi anasema nivumilie, ninywe hata pombe kidogo. Au nimerogwa? (Tukuyu)

Marahaba mwanangu. Usivumilie. Kila jaribio lenye maumivu linaufundisha mwili kubana zaidi safari ijayo. Kinachojifunga ni misuli inayozunguka mlango wa uke. Inajikaza yenyewe kama kope inavyofumba kidole kikisogezwa machoni. Wewe hukuiamuru, na mumeo si dhaifu.

Anza kwa mkunga au daktari wa wanawake ili aangalie fangasi, maambukizi, vidonda, kovu au utando wa bikira uliozidi unene. Una haki ya kusema "simama" wakati wowote wa uchunguzi, na anayelazimisha kipimo kwa nguvu anaongeza ugonjwa. Asipokuta kitu kingine, mazoezi ni haya. Oga, lala chali, magoti juu, ukiwa na kioo kidogo cha kujitazamia huko chini. Vuta pumzi hadi tumbo lipande. Ukiitoa, legeza chini kana kwamba unaanza kukojoa. Dakika 10 kila siku. Ukizoea, weka ncha ya kidole kidogo yenye kilainishi cha maji pale mlangoni, usubiri mpaka mkazo upungue angalau nusu, ndipo usogeze. Kidole kizima kikikaa bila maumivu kwa siku kadhaa mfululizo, nenda kwenye kidole kikubwa zaidi, kisha viwili, kisha cha mumeo huku mkono wako ukiuongoza wake. Uume unakuja mwisho kabisa, wewe ukiwa juu, wewe ukiamua kasi. Wengi huhitaji miezi kadhaa. Ukirudi nyuma hatua moja wiki moja, hilo ni la kawaida.

Huenda rafiki akakushauri mazoezi ya kubana misuli. Kwako si ya kuanza nayo. Shida yako ni kulegeza. Pombe inaficha maumivu, haiyatibu. Kama kwako kujigusa kunagombana na imani yako, mwambie mtaalamu, maana hatua nyingi zinaweza kufanywa na mumeo pamoja nawe. Na kama utotoni au baadaye kuna mtu aliwahi kukulazimisha, sema hilo kabla ya kuanza, kwa sababu hapo tunatibu kwanza kile kiwewe na vidole vinasubiri.

Kuhusu kurogwa hatukucheki. Tunaomba tu tiba hii ipewe nafasi yake. Mama mkwe anaweza kujibiwa na mwanawe kwa sentensi moja: "Tuko kwa daktari, tutawaambia."

Mimi naishi na VVU, mke wangu hana. Natumia dawa mwaka wa tatu, CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) wananiambia virusi havionekani. Lakini hatujagusana zaidi ya mwaka. Anaogopa, na mimi naogopa zaidi yake. (Makambako)

Mkoa wenu wa Njombe ulikutwa na kiwango cha VVU cha juu kuliko mikoa yote katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, asilimia 12.7 ya watu wazima, kwa hiyo nyumba kama yenu ziko nyingi jirani yenu.

Kwanza ukweli wa kitabibu. Anayemeza ARV bila kuruka, na vipimo vya wingi wa virusi vikaendelea kuonyesha havionekani kwa miezi 6 au zaidi, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya tendo la ndoa. Utafiti wa PARTNER uliotolewa mwaka 2016 ulifuatilia jozi 888 za wenza kama ninyi, takribani matendo 58,000 bila kondomu, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake. Kunyonyesha na kuchangia sindano ni habari nyingine, msivichanganye na hili.

Ila namba haishushi hofu iliyokaa mwaka mzima. Nendeni CTC pamoja, mwombe mhudumu awafungulie jibu la karibuni, mkeo alisome mwenyewe kwa macho yake. Akitaka PrEP, dawa za kumkinga asiye na VVU, kwa miezi ya mwanzo, apewe. Akitaka kondomu, zitumike, na hilo lisichukuliwe kuwa tusi. Halafu anzeni na lile zoezi la kugusana bila kuingiliana. Kwa wenza wa namna yenu, tunatenga pia kikao kizima kwa jambo ambalo kila mmoja analikwepa: virusi vililetwa na nani, lini, na hasira iko wapi. Likizungumzwa mezani mbele ya mtu wa tatu, chumbani panapata nafuu.

Nasoma ushauri nasaha hapa Iringa. Darasani tumegusia tiba ya masuala ya kujamiiana kwa saa mbili tu. Nitampokeaje mteja ambaye hafanani nami kwa umri, dini au maisha? (Mwanafunzi)

Swali zuri, na wengi huingia kazini bila kuliuliza. Ngazi ya kuanzia ilipangwa na mwanasaikolojia Jack Annon mwaka 1976, ina hatua nne: kumpa mtu ruhusa ya kusema, kumpa taarifa chache sahihi, kumpa mapendekezo mahususi, na mwisho tiba ya kina. Usikimbilie ya nne. Wateja wengi wanapona kwenye mbili za kwanza, kwa kusikia tu kwamba walichonacho kina jina na kina watu wengine.

Kikao cha kwanza kichukue dakika 50. Muulize anatumia maneno gani yeye mwenyewe kwa viungo na tendo, kisha uyatumie hayo. Mzee wa kijijini atasema "mambo ya chumbani", muuguzi atasema "uume". Ukiwabadilishia maneno yao unawafungia mdomo. Uliza ameshajaribu nini, pamoja na mizizi, maombi na mganga, kwa sauti ileile uliyoulizia vidonge. Kama mama anajieleza kwa Kihehe au Kinyakyusa tu, tafuta mkalimani mtu mzima aliyeapa kutunza siri, kamwe si mwanawe. Mteja mwenye ulemavu muulize kuhusu tendo kama unavyomuuliza yeyote. Wengi wao hawajawahi kuulizwa, wakadhani hawatakiwi. Mwislamu aliyefunga Ramadhani mpangie mazoezi ya usiku. Mwenye wake wawili usimhubirie; uliza zamu zikoje na nani analia.

Wenza wanapokuja pamoja, mwone kila mmoja peke yake angalau mara moja. Lakini kabla ya hapo mkubaliane wote watatu siri za kikao cha mmoja mmoja zitashughulikiwaje, la sivyo utajikuta umeshika siri ya mmoja dhidi ya mwingine na tiba imekufa. Katika kikao hicho uliza kuhusu kipigo. Kukiwa na ukatili, mazoezi ya wenza yanasitishwa, usalama unatangulia. Mipaka ya usiri uitaje mwanzoni: hatari ya mtu kujiua, na mtoto anayedhuriwa.

Atakuja pia anayevutiwa na wa jinsia yake, akiwa na hofu ya sheria, ya familia na ya kanisa kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hilo kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, kwa hiyo usiahidi "kumponya". Tibu usingizi uliopotea, hofu, mawazo ya kujiua. Andika kwenye faili kile tu ambacho tiba inakihitaji, na faili lifungiwe.

Ni mjane wa miaka 61, kuna mzee mwenzangu ananichumbia. Je, umri huu bado inafaa? Naambiwa nitumie shabu kujibana. (Uyole)

Shikamoo mama. Inafaa, kwa hiari yako. Shabu na ugoro visikaribie huko; vinakausha na kuchuna ngozi, na mchubuko ni mlango wa VVU na maambukizi mengine. Baada ya kukoma hedhi uke hukauka na ukuta wake kuwa mwembamba kwa sababu homoni ya estrojeni imeshuka, kwa hiyo unachohitaji ni ute, wala si kubana. Nunua duka la dawa kilainishi cha maji. Vaselini na mafuta ya kula hupasua kondomu za mpira. Ukavu ukizidi, daktari anaweza kukuandikia krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Kapimeni VVU wote wawili kabla ya ndoa. Na damu ikitoka, kabla au baada ya tendo, hata tone, katika umri wako usingoje: nenda hospitali wiki hiyohiyo wakachunguze shingo ya kizazi na ukuta wa mji wa mimba.