Vyumba vya darini katika riwaya ya Kafka viwekwe kama taashira ya nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naandika tasnifu kuhusu taashira katika The Trial ya Franz Kafka. Mwongozo nilionao unasema mahakama ni Mungu na ngazi ni safari ya roho. Vile vyumba vya darini niseme ni nini?

Jibu: Marahaba. Usiseme ni kitu chochote kwanza. Funga huo mwongozo, urudi kwenye riwaya utazame chumba kinamfanya nini mhusika mkuu, mshtakiwa Josef K.

Jumapili anayoitwa kusikilizwa, anapanda ngazi za nyumba ya wapangaji maskini akisingizia kumtafuta fundi seremala. Ghorofa ya tano anamkuta mwanamke anafua nguo za watoto, naye anamwonyesha mlango kwa mkono uliolowa. Kumbe mahakama imo humo! Roshani imebanwa na dari hata waliosimama juu wamejikunja, wengine wamekuja na mito ya kukinga vichwa. Baadaye, kwenye ofisi za darini, hewa nzito inamlegeza K. mpaka anashikwa mikono kutolewa nje. Na wale wanaomsindikiza, hewa safi ya ngazini ndiyo inayowazidi. Kwa mchoraji Titorelli, mlango ulio nyuma ya kitanda unatokea ofisi hizohizo.

Kafka alikuwa mwanasheria, na tangu 1908 aliajiriwa katika shirika la bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague. Ofisi alizijua. Katika riwaya hii sheria haikukaa kwenye jengo lake ukaweza kuikwepa. Imehamia mahali watu wanapofua na kulala, na inatawala mapafu na shingo zao. Ukiandika "mahakama ni Mungu", yote hayo umeyafuta kwa neno moja.

Kinachonikera ni hawa wauza majedwali: dirisha ni matumaini, giza ni uovu, mnara ni ndoto. Mwandishi Virginia Woolf, baada ya kutoa riwaya yake To the Lighthouse mwaka 1927, alimwandikia rafiki yake mchoraji Roger Fry kwamba mnara wa taa uliomo humo hakuukusudia maana yoyote. Alihitaji mstari wa katikati wa kushikilia umbo la kitabu. Bado kila muhula naletewa kazi zinazosema mnara ni matumaini, basi. Nikimuuliza mwenye kazi ni akina nani walioisafisha nyumba ya riwaya hiyo iliyoachwa miaka kumi ikaanza kuoza, ananyamaza, maana Bi McNab na Bi Bast hawamo kwenye jedwali alilonunua.