Ushauri kwa anayetaka kutafiti afasia katika Kichina

Kila kijana anayeniambia kwamba anataka kutafiti afasia kwa wasemaji wa Kichina namshauri aanze kwa kujifunza Kichina chenyewe, na vitabu vya ubongo avisome baadaye. Afasia ni kupotewa na uwezo wa kutumia lugha baada ya ubongo kuumia, mara nyingi kwa kiharusi, na namna unavyojitokeza upotevu huo hufuata jinsi lugha husika ilivyoundwa. Tangu daktari Mfaransa Paul Broca aeleze habari za mgonjwa wake jijini Paris mwaka 1861, nadharia nyingi za fani hii zimejengwa juu ya lugha za Ulaya. Kwa hiyo mtafiti anayekwenda Beijing au Hong Kong na vipimo vilivyotafsiriwa tu kutoka Kiingereza atapima mambo ambayo Kichina hakina, na yale kilicho nayo yatampita.

Tazama vitenzi. Wapo walioeleza kwamba mgonjwa wa afasia ya Broca, yaani ile ya kusema kwa shida na kwa maneno machache, hushindwa na vitenzi kwa sababu ya mzigo wa viambishi vya nafsi na njeo. Lakini kitenzi cha Kichina hakinyambuliki kwa nafsi wala njeo: chi ni kula, iwe jana au kesho, iwe ni mimi au wao. Hata hivyo, mtafiti Elizabeth Bates na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba wagonjwa wa Broca wanaosema Kichina walitatizwa zaidi na vitenzi, na wale wa afasia ya Wernicke, wanaosema kwa wepesi lakini maneno yao hukosa maana, na nomino, tena tofauti hiyo ilionekana hata ndani ya maneno ambatano yenye kipande cha kitenzi na kipande cha nomino. Kwangu mimi, hayo ni kati ya matokeo yenye thamani kubwa kabisa katika fani yetu, kwa kuwa hayangepatikana katika Kiingereza.

Tuliolelewa kwa Kiswahili tumekwisha kuzoea ngeli, na mazoea hayo hutusaidia kuvielewa viainishi vya Kichina, yaani maneno mafupi yanayokaa kati ya idadi na nomino. Huko idadi haiigusi nomino moja kwa moja. Samaki mmoja ni yi tiao yu, kwani tiao hutumika kwa vitu virefu kama samaki, kamba na barabara, ilhali karatasi na meza huchukua zhang. Niliwahi kumwonyesha picha ya samaki mzee mmoja aliyekuwa fundi cherehani. Alisema yi, akanyamaza, midomo ikitafuta, kisha akamalizia ge yu. Ge ni kiainishi cha jumla, na wagonjwa wengi hukikimbilia pale kile mahususi kinapowakataa. Binti yake alitaka kumsahihisha nikamwomba asubiri, kwa sababu kimya kile kilichotangulia ge ni data sawasawa na neno lenyewe, na mtafiti anapaswa kukiandika.

Kuhusu toni, yaani viwango na mikondo ya sauti inayobadili maana ya neno, ambazo ni 4 katika Kimandarini na 6 katika Kikantoni, usiliamini sikio lako peke yako. Ma huweza kuwa mama, farasi au kukaripia kwa toni tu, na msikilizaji ambaye hakukua na toni husikia kosa pasipo na kosa. Rekodi kwa kifaa kizuri, kisha wape wasemaji wazawa wasikilize bila kuambiwa mgonjwa alikusudia kusema nini. Maandishi nayo yapimwe peke yake, kwa maana yupo mgonjwa atakayefuata sehemu ya sauti iliyomo ndani ya herufi, akaisoma cai, yaani kukisia, kama qing, ambavyo ndivyo sehemu hiyo husomwa ikiwa peke yake.

Jenga urafiki na wataalamu wa tiba ya usemi, kwani wao humwona mgonjwa wiki baada ya wiki. Mgonjwa akichoka, simamisha kipimo hata kama jedwali lako halijajaa, kwani majibu ya mtu aliyechoka hupima uchovu wake. Na kabla hujaaga, waeleze jamaa zake aliyoyaweza siku hiyo na picha zilizomsaidia, ili wajue waanzie wapi wanapozungumza naye nyumbani.