Jibu kwa ndugu wa miaka 46: vipele vya ndevu, mvi, na kuanza kazi upya ukubwani

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako na majibu ya waliotangulia. Kwa anayeingia sasa: mwenzetu ana miaka 46, alikuwa msimamizi wa ghala kiwandani hapa Tanga, wamempunguza. Ameitwa usaili Jumatatu ijayo, kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja upande wa Raskazone. Ana vipele vya ndevu vya miaka mingi, kidevu kimejaa mvi, na anaona akiingia pale vijana watamcheka. Anauliza apake piko, ile rangi nyeusi ya nywele, au asipake, na kama si aibu mtu mzima kwenda kuanza moja. Mmoja wenu akamjibu kwamba uso wa mwanaume ni mfuko wake, mengine ni mambo ya kike.

Mimi nilikuwa karani wa ghala la singa, yaani nyuzi za mkonge, kwenye kampuni moja ya mkonge mpaka nikavuka arobaini. Shamba likabadili mikono, ofisi yetu ikafungwa. Leo nanyoa watu Ngamiani. Kwa hiyo swali lako nalijua kwa pande zote mbili, ya kazi na ya kidevu.

Nianze na hilo la mfuko. Ni kweli mfuko ukiwa umejaa. Ukiachishwa kazi unakwenda kukaa mbele ya watu ambao hawajawahi kuuona huo mfuko wako, na wana dakika chache tu za kukutazama. Wataona kola, kucha, meno na ndevu. Halafu huyo aliyesema unadhifu ni mambo ya kike sijui kakulia wapi. Pwani hii mzee hatoki Ijumaa hivi hivi tu. Kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, masharubu yamepunguzwa, akipita unasikia udi. Waislamu tuna hadithi iliyomo katika Sahih Muslim kwamba kucha, masharubu na nywele za kwapa visiachwe kupita siku 40. Huo ni urembo wa kike?

Sasa vipele, maana hapo ndipo wanaume wanapomalizia pesa zao. Nywele zetu hizi zimejikunja tangu ndani ya ngozi. Ukipitisha wembe, hasa ile mashine ya mkono yenye nyembe mbili tatu, unywele unavutwa juu kidogo, unakatwa, kisha ncha inarudi chini ya ngozi ikiwa kali. Ukianza kuota haupandi moja kwa moja, unajipinda na kuichoma ngozi kwa ndani. Mwingine unatoka nje vizuri, halafu unainama na kuzama pembeni. Mwili unaupokea kama mwiba: unavimba, unatunga usaha, ukipona unaacha doa jeusi. Kwa hiyo hivyo vipele si uchafu, wala si damu chafu kama wanavyosema vijiweni, na vikombe vya mwarobaini havitaunyoosha unywele.

Dawa yake ya kwanza ni kuuweka wembe chini. Ziache ndevu ziote kama mwezi hivi mpaka nywele zilizozama zijitoe zenyewe. Wiki za mwanzo zitawasha na utajiona kituko, vumilia. Baada ya hapo usinyoe tena kwa kung'arisha. Tumia mashine ya umeme inayoacha unywele wa milimita moja au zaidi, iende kule ndevu zinakoelekea, na usiivute ngozi kwa vidole ili upate ulaini. Ulaini ule wa mtoto mchanga ndio uliokuletea balaa. Kama lazima uguse wembe, uwe wa makali mamoja, ngozi umeikanda kwanza na maji ya uvuguvugu, na upite mara moja tu. Unywele ulioona umezama usiung'oe na kibano. Unyanyue ncha kwa sindano safi, uiache hapo. Ukiung'oa, unaoota nyuma yake utazama vile vile.

Tunapokosana na wateja wangu ni kwenye krimu. Mtu amenyoa, kavimba, anakwenda kununua kikopo kisicho na maelezo ya maana, anapaka, kesho yake uso umetulia, anafurahi. Nyingi ya krimu hizo zimetiwa steroidi, dawa za kushusha uvimbe, tena zile kali kama klobetasoli au betamethasoni. Zinatuliza kweli, lakini ukizizoea ngozi inakuwa nyembamba, na ukiacha vipele vinarudi kwa fujo kuliko mwanzo. Za kutoa madoa ndiyo kabisa: haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na zebaki huharibu figo. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango. Kikopo kisichosema kimetengenezwa na nani na kina nini ndani, kiache dukani. Doa litafifia lenyewe ukiacha kulichokoza, ila litachukua miezi. Kisogo nacho ukiangalie. Kama kimeshaota vinundu vigumu, hiyo si kazi ya kinyozi tena, nenda ukamwone daktari wa ngozi, na mpaka hapo usikubali mashine ishuke zero kisogoni.

Piko usipake. Sikwambii kwa sababu mvi ni heshima, ingawa ni heshima. Nakwambia kwa sababu nimeona nyuso. Ule unga mweusi una kemikali inayoitwa PPD, na kuna watu miili yao inaikataa. Midomo inavimba, macho yanafunga, kidevu kinachuruzika maji. Anayetaka kwa lazima apake tone moja nyuma ya sikio, asubiri saa 48 kwanza, na hata akipita leo mwili unaweza kuikataa siku nyingine. Wewe una usaili Jumatatu, hiyo bahati nasibu ya nini? Tena mezani pale wana barua yako yenye mwaka wa kuzaliwa. Ndevu nyeusi ti juu ya shingo ya miaka 46 haimdanganyi mtu, inamwambia tu kwamba umri wako unakutia hofu. Mvi zilizochongwa vizuri, fupi, mstari wa shavuni umenyooka, zinampendeza mwanaume kuliko ujana wake. Hilo ni jicho langu la kazi, siyo maneno ya kukufariji.

Kwenye jasho nitapita haraka. Tanga wengi tunatembea na baiskeli, na hewa ya hapa unaijua. Dawa ya kuzuia jasho ipakwe usiku, kwapa likiwa kavu, inafanya kazi vizuri kuliko ya asubuhi inayooshwa na jasho lile lile. Limau kwapani linachubua. Marashi juu ya jasho yananuka marashi na jasho.

Kuhusu vijana kukucheka, nisikilize vizuri. Aliyenifundisha kazi ni kijana ambaye ningeweza kumzaa. Yeye aliniita mzee, mimi nilimwita fundi, na hilo neno fundi nililisema kwa sauti mbele ya wateja tangu siku ya kwanza. Ukimpa kijana heshima ya kazi yake, hana tena sababu ya kukupima. Wanaochekwa ni wale wanaokuja na ubosi wa zamani: "Sisi tulipokuwa kule tulikuwa na gari la ofisi." Hakuna anayetaka kusikia habari za gari la ofisi.

Lakini sitakudanganya kwamba ilikuwa tamu. Wateja walikuwa wanaingia, wanaona kiti changu kitupu, wanakaa kwenye benchi: "Namsubiri yule dogo." Siku moja akaja mtu aliyekuwa chini yangu ghalani. Akasimama mlangoni. "Bosi? Ni wewe?" Nikamwambia karibu kiti. Akakaa, nikamnyoa, akalipa, na kwenye kulipa akawa anazungusha noti mkononi hajui anipe kwa mkono gani. Mimi nilitulia kuliko yeye. Na nikikwambia kwa nini nilitulia utaona unadhifu unaingiaje hapa: fundi wangu alishaniambia mapema, "Mzee, mteja kabla hajakupa kichwa chake anaangalia cha kwako." Akanichonga yeye mwenyewe, akanikataza wembe, vipele vikaondoka. Kwa hiyo siku ile sikuwa nashughulika na kuficha shingo wala kuchungulia kioo. Akili yote ilikuwa kwenye mashine. Faida ya kujitengeneza naiona hapo tu: unausahau uso wako, unabaki na kazi. Kujiamini kwenyewe hakutoki kwenye kioo. Kulianza kunijia wateja walipoanza kurudi, na kwangu walianza wazee, wanaotaka kunyolewa kimya bila muziki wa kupasua masikio, wakafuata wakina mama wenye watoto waoga.

Na ghala sikuliacha nyuma. Saluni ile haikuwa na daftari. Spiriti inaisha katikati ya kazi, nyembe hazijulikani zimebaki ngapi, hesabu ya siku ni ugomvi kila jioni. Nikaanza kuandika: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wembe mmoja kichwa kimoja, na meno ya mashine yanasafishwa kwa spiriti kila mteja akinyanyuka, maana kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7. Wateja wakaona. Mwenye saluni akaona zaidi, akanipa funguo. Kunyoa kijana yule bado ananizidi mpaka leo, lakini akisafiri saluni naachiwa mimi.

Kwa hiyo ukikaa mbele ya wale wa hotelini usiseme "sina uzoefu wa mapokezi". Umepokea madereva wa malori waliochoka na wenye hasira, umehesabu mzigo mbele yao, umewasainisha, umewaaga bila ugomvi. Mgeni aliyetoka Dar kwa basi na kuambiwa chumba hakijawa tayari ni mtu yule yule. Waelezee tukio moja la kweli la namna hiyo, uone.

Aibu ya kuanza moja ukubwani sijui tumeitoa wapi katika mji huu. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka mkoani kwetu. Zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakageuka msitu. Baba yangu alikuwa mtu wa korona, mashine ya kusindika mkonge. Ilipozimwa akakaa chini ya mwembe akitengeneza baiskeli za watu, naye alikuwa kapita umri wako. Nyumba ngapi za Makorora na Mikanjuni zina hadithi hiyo hiyo?

Jambo moja hujaliuliza, nalitia kwa sababu muda wake ni mfupi. Umesema wamekupunguza. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mtu aliyefanya kazi mwaka mzima na zaidi, akapunguzwa, ana haki ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, kwa hesabu isiyozidi miaka 10, mbali na malipo ya notisi na likizo ambazo hakwenda. Ukiona uliachishwa bila kufuata utaratibu, malalamiko yanapelekwa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 tangu uachishwe. Usiseme nitakwenda nikipata kazi. Na hotelini wakikukataa, nenda VETA, chuo cha ufundi stadi, hapa Tanga ukaulizie utaratibu wao wa kupima ujuzi uliopatikana kazini, uone kama fani yako imo. Unapimwa kwa unachokijua, ukifaulu unapata cheti.

Sasa Jumatatu. Vipele havitakuwa vimepona, sahau hilo, vitakuwa vimetulia tu. Kuanzia leo wembe usiguse. Jumamosi asubuhi, kabla saluni hazijajaa, nenda kwa kinyozi unayemwamini, mwambie apitishe mashine yenye kichana, namba moja, ndevu zibaki fupi zilizolingana. Achonge shavuni na shingoni kwa mashine bila wembe, na kisogoni asishuke. Kata kucha. Jumapili usijiguse uso, maana uvimbe wa kunyoa hujitokeza baadaye, na ukinyoa alfajiri ya Jumatatu utaingia nao ndani. Siku yenyewe kama unakwenda na baiskeli toka mapema, panda polepole, shati la usaili liwe kwenye mfuko, ulivae ukishapoa. Tai si lazima. Viatu vipakwe rangi mpaka nyuma ya kisigino.

Kitu kimoja hukukisema: ghalani mlikuwa mnaandika leja kwa mkono au mlitumia programu ya kompyuta? Mapokezi ya hoteli siku hizi yapo kwenye kompyuta, wataliuliza hilo mapema. Jibu hapa leo. Kama ni leja tu, kuna vitu vya kujifunza kati ya sasa na Jumatatu, na wapo humu wanaoweza kukuelekeza kuliko mimi.