Ulizeni Kwanza Timu Iliyotolewa Mapema: Ushauri kwa Wanaoanza Kuandaa Mashindano ya Roboti Maskulini

Mtakapomaliza mashindano yenu ya kwanza na kukusanya fomu za maoni, mtakuta karibu zote zinasema jambo moja: mashindano yalikuwa mazuri, tunashukuru, tunaomba mwakani muda uongezwe. Msizifurahie sana fomu hizo. Mwanafunzi wa Unguja au wa Pemba amelelewa asimkosoe mkubwa mbele ya watu, na mkubwa mwenyewe ndiye aliyempa chakula cha mchana na cheti. Ukimuuliza kama ameridhika, atakujibu kwamba ameridhika. Hiyo ni adabu yake wala hapaswi kulaumiwa kwayo, lakini mwandaaji anayetaka kuirekebisha kazi yake hatopata humo cha kufanyia kazi.

Swali linalofaa ni lile linaloulizia tukio. Badala ya kuuliza mashindano yalikuwaje, ulizeni hivi: ni wakati gani mlikaa bila ya kujua la kufanya, na mlimwendea nani? Roboti yenu ilifanya nini uwanjani ambacho haikukifanya skuli? Kanuni gani mliifahamu baada ya kuwa mmeshapoteza alama? Maswali ya namna hii hayamtaki kijana amlaumu mtu, yanamtaka asimulie, na katika kusimulia huyasema mengi ambayo asingeyaandika kama malalamiko. Maswali yawe machache ya kuenea upande mmoja wa karatasi, na yawe ya Kiswahili hata kama kanuni mnazozifuata zimeandikwa kwa Kiingereza. Timu ijibu kwa pamoja bila ya kuandika jina la skuli, mwalimu akiwa nje, mara tu inapoteremka uwanjani kwa raundi yake ya mwisho na kabla ya matokeo kutangazwa, kwa sababu baada ya matokeo aliyeshinda atasifu kila kitu na aliyeshindwa atamwandama mwamuzi. Kinachohitajika kuandikwa kwenye karatasi ni namba ya meza na saa, na faida yake nitaieleza sasa hivi. Timu zinazotolewa mapema ndizo zinazohitaji kufuatwa zaidi, maana huondoka ukumbini zikiwa na habari nyingi kuliko mabingwa, na kwa kawaida hakuna anayeziuliza.

Mashindano ya roboti kufuata mstari ndiyo mepesi kuanza nayo katika skuli zetu, kwani yanahitaji ubao mweupe, tepu nyeusi ya fundi umeme na roboti ndogo ya magurudumu mawili. Katika mashindano ya aina hiyo, baadhi ya timu ziliandika, kila moja kwa maneno yake, kwamba asubuhi roboti ilikuwa ikiuona mstari na jioni haiuoni. Mwamuzi akiisoma sentensi hiyo peke yake atasema ni kisingizio. Tulipozipanga karatasi kwa meza na kwa saa, ikadhihirika kwamba malalamiko hayo yote yalitoka kwenye meza moja iliyokuwa karibu na madirisha ya upande wa magharibi, na yote ni ya baada ya sala ya Alasiri. Kihisi cha mstari hutoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kuupima unaorudi: ubao mweupe huurudisha kwa wingi, tepu nyeusi huumeza. Bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo inayoiendesha roboti, hukisoma kipimo hicho kwa namba kuanzia 0 hadi 1023, na wanafunzi huchagua namba moja ya katikati iwe mpaka baina ya nyeusi na nyeupe. Mwanga wa jua nao una infraredi nyingi, kwa hivyo jua la alasiri linapoingia dirishani kwa mshazari na kulala juu ya meza, namba zote hubadilika na ule mpaka uliochaguliwa asubuhi kivulini hauna kazi tena.

Dawa yake haikuwa ya gharama: meza zikaondolewa dirishani, yakatundikwa mapazia mazito, na kanuni ikaandikwa kwamba kila timu ina haki ya kupima vihisi vyake juu ya meza ileile itakayoshindania, dakika chache kabla ya kila raundi. Tungeyasoma maoni yale kwa kuhesabu tu wangapi wameridhika na wangapi hawakuridhika, meza ile ingebaki palepale mwakani.

Jambo la pili ni kwamba mshiriki hueleza dalili, kama mgonjwa anavyomweleza daktari panapomuuma, na sababu mnapaswa kuitafuta wenyewe. Mfano ni lalamiko linalorudi kila mara, kwamba roboti ilikuwa ikikata kona vizuri lakini baada ya chakula cha mchana ikawa haifiki. Mara nyingi programu haina kosa; aliyechoka ni betri. Betri mbili za lithiamu zilizofungwa kwa mfuatano hutoa volti 8.4 zikiwa zimejaa, na hushuka hadi kiasi cha volti 7.4 katika matumizi ya kawaida, na kidhibiti cha mota aina ya L298N, ambacho ndicho tunachokikuta zaidi kwa kuwa ni rahisi, hula takriban volti 2 nyengine kabla umeme haujafika kwenye mota. Timu iliyoandika kwenye programu kwamba roboti igeuke kwa nusu sekunde itageuka robo duara asubuhi na pungufu ya hapo mchana. Kwa hivyo, katika mafunzo ya matayarisho, wafundisheni wanafunzi kugeuka mpaka kihisi kiuone mstari mwengine, wasitegemee muda peke yake. Siku ya mashindano, tengeni meza ya kuchajia yenye msimamizi na multimita ya kupimia volti, iwe mbali na karatasi na mapazia, maana betri ya lithiamu ikichajiwa kupita kiasi au nyaya zake zikigusana inaweza kushika moto. Na jenereta iwepo. Umeme wetu unakuja kutoka bara kwa nyaya zilizopita chini ya bahari, na sisi tuliokuwapo Unguja umeme ulipokatika tangu mwishoni mwa 2009 hadi mapema 2010 hatuhitaji kuelezwa inakuwaje waya huo unapoharibika.

Ipo pia kero ndogo ambayo hamtoijua msipoiuliza. Bodi nyingi za bei nafuu zinazofanana na Arduino hutumia chipu ya CH340, na laptopu isiyokuwa na programu endeshi yake haitaitambua bodi hata kidogo. Iwekeni programu hiyo kwenye flashi mapema, muwe nazo kadhaa, wala msitegemee intaneti ya ukumbini.

Kuhusu timu zinazovuka bahari nitasema kwa kirefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo mwandaaji anayeishi Mjini anapoteleza. Mashindano yakifanyika Unguja, timu za Chake Chake, Wete na Micheweni huja na boti, pengine ya usiku, zikiwa na watoto ambao hawakulala na roboti ambazo zimetikisika njia nzima. Ratiba ikipangwa kwa herufi za majina ya skuli bila ya kuangalia nani katoka wapi, timu iliyoteremka bandarini alfajiri inaweza kujikuta ndiyo ya kwanza kuitwa saa mbili asubuhi. Fomu ya timu kama hiyo haitosema kwamba ratiba haikuwa ya haki. Itasema kwamba waya ulichomoka katikati ya raundi. Ukimkalisha mwalimu wao na kumuuliza tangu walipotoka nyumbani hadi walipopanda jukwaani, ndipo utakapofahamu kwamba kilichokosekana ni saa moja ya utulivu na meza yenye bisibisi, gundi ya moto na chuma cha moto cha kuungia nyaya kwa risasi. Timu za Pemba ziwekwe mwisho katika raundi ya kwanza, au, bora zaidi, raundi za awali zifanyike Pemba kwenyewe juu ya meza za vipimo vilevile, wavuke wale wanaoingia fainali tu. Maoni ya wazazi nayo hayapiti kwenye fomu. Mzazi wa msichana huuliza watalala wapi na mwalimu gani wa kike anafuatana nao, naye humuuliza mwalimu mkuu, wala hakuulizi wewe. Mkiona skuli imeleta wavulana watupu, mpigieni simu mwalimu mkuu kabla ya kudai kwamba wasichana hawapendi roboti.

Mtapata vilevile maoni yanayogongana. Wako watakaosema kazi ilikuwa nyepesi mno, na wako watakaosema haikuwezekana. Msitafute wastani baina yao, kwa sababu mtapata kazi isiyomfaa yeyote. Tazameni nani amesema nini: kwa kawaida wanaoona ni nyepesi wana klabu ya kudumu na fundi wa kuwasaidia, na wanaoona haiwezekani wameanza juzi, wanafanya mazoezi katika kipande cha muda kilichobaki baina ya mkondo wa asubuhi na kwenda chuoni kusoma Kurani. Igaweni kazi kwa ngazi, ili kufuata mstari ulionyooka kuwe na alama zake, kukata kona kuwe na zake, na kuvuka njia panda kuwe na zake, na timu isiyomaliza iondoke na alama inazostahiki. Nawashauri pia muazime kanuni moja kutoka FIRST LEGO League, mashindano ya roboti yaliyo chini ya taasisi ya FIRST iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989 na Dean Kamen: kila timu hucheza raundi tatu za dakika mbili na nusu, na huhesabiwa ile iliyo bora tu. Kanuni hiyo inapunguza bahati mbaya, na malalamiko yanayobaki baada yake yana uzito zaidi. Masharti ya kununua seti za kiwandani, hayo yaacheni hukohuko, kwani skuli nyingi zetu hutoa mota kwenye printa mbovu na midoli ya watoto, na kazi zao si duni.

Si kila ombi la kutekelezwa. Zawadi kubwa huombwa kila mwaka, na mimi naona fedha hizo zinunue vihisi vya akiba.

Baada ya hapo, waandikieni walioshiriki. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha, ueleze washiriki walisema nini, nini kimebadilishwa, nini hakikubadilishwa na kwa sababu gani. Upelekeni maskulini pamoja na kanuni mpya, kabla timu hazijaanza kuunda roboti, na mwalimu wa klabu aombwe ausome mbele ya wanafunzi. Wale walioandika habari za dirisha watayaona maneno yao yamekuwa kanuni, na fomu za mwaka unaofuata zitakuja zimejazwa hadi upande wa nyuma; hapo itawalazimu muongeze watu wa kuzisoma, na wasiwe waamuzi.